Paa Jekundu Ndani ya Kijivu

Picha yenyewe niliipiga bila sababu maalumu. Nilikuwa nimepanda Werugha, milimani juu ya mji wa Voi, kumtembelea rafiki yangu, mkulima wa kabeji na viazi. Kila siku ya soko alishuka Voi na magunia yake, akayapanga kwenye baraza ya studio yangu ya picha kwa ajili ya kivuli, na urafiki wetu ukaanzia hapo. Yeye Mtaita wa milimani, Mkristo, mtu wa kanisa. Mimi Mwislamu wa Voi. Babu yangu alitoka pwani akaifuata reli, akabaki. Mchana nilipiga picha za watu, jioni nikasomesha watoto madrasa, ndiyo maana yeye na karibu mji mzima waliniita Maalim.

Kupiga picha za watu ilikuwa riziki, nami namshukuru Mungu kwa riziki ile: picha za vitambulisho, za harusi, za askari aliyehamishwa anayetaka kumtumia mama yake sura. Lakini milima niliipiga kwa ajili yangu. Mtu akiishi kwenye joto na vumbi jekundu la Voi, kisha apande mpaka kule juu ambako asubuhi humwoni ng'ombe aliye mbele yako kwa ukungu, hana budi kumsifu Muumba kwa njia yoyote aliyo nayo. Mimi nilikuwa na kamera.

Siku ile nilisimama upande wa pili wa bonde, nikaielekeza kamera kwenye nyumba ya rafiki yangu. Ilikuwa nyumba ndogo yenye bati alilolipaka rangi nyekundu yeye mwenyewe, na kuizunguka kulikuwa na kijani kitupu: migomba, majani ya ng'ombe, matuta ya mboga yaliyoshuka kama ngazi. Mkewe alikuwa upande wangu wa bonde akikata majani, watoto wao wawili wakimfuata nyuma.

"Maalim," akaniita, "umetoka Voi yote kuja kupiga picha ya bati?"

"Na mlima."

"Mlima hautakulipa. Tupige sisi, tutakulipa kabeji."

"Nyinyi mje studio. Muoge, mvae, niwapige vizuri."

"Kwani mlima umeoga?"

"Umeogeshwa na ukungu tangu alfajiri. Wewe una majani kichwani."

Akacheka mpaka mzigo ukamyumba. "Basi tutakuja Krismasi," akasema, "hawa wakipata nguo."

Krismasi ilipofika ng'ombe wao alikuwa anazaa, hawakuja. Na ile iliyofuata iliwakuta wameshafunikwa.

Walioishi Kenya miaka ya tisini ilipokuwa inakaribia kwisha wanaikumbuka mvua ile. Sisi watu wa Voi tumezoea kumwomba Mungu mvua. Mwaka ule tulimwomba aizuie. Mito ambayo tulivuka kwa viatu miaka yote ilibeba malori. Barabara zilikatika, reli ilikaa juu ya maji kama ngazi iliyolazwa. Kule milimani udongo ulikunywa, ukanywa, mpaka ukashindwa kujishika.

Usiku uliposhindwa, rafiki yangu alikuwa Voi. Alikuwa ameshuka na mzigo, barabara ikamkatikia nyuma, nikamtandikia mkeka studio. Asubuhi dereva mmoja aliyeshuka kwa miguu kutoka Mwatate alipita barazani, akamtazama, akanitazama mimi, akashindwa kuanza.

"Sema tu," rafiki yangu akamwambia.

"Mlima umeshuka, bwana. Upande wenu."

Alivaa viatu akaondoka, na magunia yake yakabaki barazani mpaka viazi vikachipua.

Nilichosikia baadaye ni hiki. Kuanzia juu mpaka mtoni kulikuwa na tope jekundu, hakuna njia, hakuna tuta, hakuna ukuta. Majirani walikuja na majembe na sururu, na baba mdogo wa rafiki yangu, mzee wa boma lile, ndiye aliyewaonyesha pa kuchimba. Mti mmoja tu ulikuwa bado umesimama katika tope lile, mkaratusi alioupanda mzee huyo kando ya jiko la nyumba ya bati jekundu. Kila mtu aliujua. Wakachimba ubavuni mwa mti huo, mvua ikiwanyeshea na wingu likiwa limewakalia vichwani, siku baada ya siku. Hawakupata hata kijiko. Mwishowe chifu akasimamisha kazi, kwa sababu ufa mwingine ulikuwa umeonekana juu yao, na hakutaka kuzika wachimbaji pamoja na waliochimbiwa. Ikaamuliwa kwamba mahali pale pawe kaburi. Kanisa lingefanya ibada palepale, msalaba usimikwe kando ya mkaratusi, yaishe.

Hapo ndipo aliporudi studio. Barabara ilikuwa imeanza kupitika. Alikuwa amekonda, na udongo ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake kiasi kwamba haukutoka tena kwa kunawa. Nilimpa chai. Hakuigusa.

"Maalim, kijitabu cha ibada lazima kiwe na picha mbele," akasema. "Unajua desturi. Mtu akishika kile kijitabu, aone sura."

"Najua."

"Sina sura. Picha ya harusi ilikuwa ukutani. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye sanduku. Watoto hawakuwahi kupigwa. Nimezunguka kwa ndugu wote. Kuna mmoja ana picha ya mke wangu akiwa msichana, wako wengi, yeye amegeuka anaangalia ng'ombe."

Alikuwa anaziangalia picha za milima nilizozitundika ukutani.

"Ile ya nyumba bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilimtolea, akaishika pembeni kwa kucha, asiichafue. Bati lilionekana, dogo kama punje ya mtama, jekundu katikati ya kijani.

"Weka hii," akasema. "Watu wakifungua, waone walikuwa wanakaa wapi. Bati hili wanalijua wote. Nikisema nyumbani, nasema hapa."

Tatizo lilikuwa rangi. Vijitabu vilitolewa kwa mashine ya fotokopi, nayo haikujua rangi. Picha ya rangi ukiipitisha humo hutoka kama masizi. Chumba changu cha giza, ambamo zamani nilisafishia picha nyeusi na nyeupe, nilikuwa nimekifunga siku nyingi. Karatasi na dawa hazikuletwa tena, na filamu za rangi zilisafishiwa Mombasa. Kwa hiyo nilimpeleka kwa mwalimu wa kompyuta.

Alikuwa msichana wa Kitaveta, kutoka kule Chala mpakani, aliyekodi chumba nyuma ya maduka na kufundishia humo kompyuta. Alikuwa na skana, mashine inayoiingiza picha ndani ya kompyuta, na programu ya kuhariri picha ambayo, kwa maneno yake, alikuwa ameifahamu nusu tu. Nilikuwa nimeshakwenda kwake mara kadhaa kutazama. Mtu aliyezoea kuikokota picha kutoka kwenye maji ya dawa gizani hachoki kuiona ikibadilika mchana kweupe. Wakati mwingine aliniachia kiti chake nijaribu, akinicheka.

"Maalim, usikishike kipanya kama unachinja kuku. Kilegeze."

Siku ile hakucheka. Alimpa rafiki yangu pole, akamkalisha, akaiweka picha kwenye skana kwa mikono miwili. Stima ilikuwa ya kuja na kwenda, kwa hiyo alifanya haraka. Mlima ukajitokeza kwenye kioo kwa rangi zake, mstari baada ya mstari kutoka juu: kwanza utusi wa buluu, ule ukungu mwembamba wa mbali, uliofunika kilele, kisha miti, kisha lile bati.

"Sasa naitoa rangi," akasema. "Ni kubonyeza mara moja tu."

Akabonyeza. Kijani kikafa, buluu ikafa, mlima ukawa kijivu. Kwa kazi ya fotokopi ilikuwa picha safi, haina kosa. Yeye mwenyewe alipumua kwa kuridhika. Mimi nilikuwa naangalia mwanga wa mbingu, kama fundi, na sikuona kilichotokea mpaka rafiki yangu alipoinuka.

"Nyumba iko wapi?"

Tulisogea. Tulipekua kwa macho. Mahali pa bati palikuwa na kijivu, na majani yaliyolizunguka yalikuwa kijivu kilekile. Hakukuwa na mstari wowote wa kuonyesha linapoanzia paa na inapoishia migomba.

"Mwalimu, nyumba yangu iko wapi?"

"Ipo, baba," akasema, naye akawa anaikuza picha, akaikuza zaidi, mpaka ikawa vijimraba vya majivu. "Ipo humu humu. Haijatoka."

"Mmeifukia tena," rafiki yangu akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa habari. Akaenda kusimama mlangoni, mgongo wake ukitutazama.

Msichana wa watu alianza kulia. Nikamwambia anyamaze, kwamba si yeye, nami nilikuwa nimeshaelewa. Kwa jicho letu nyekundu na kijani ni mashariki na magharibi. Lakini ukizinyang'anya jina, ukaziuliza tu, wewe una mwanga kiasi gani, mara nyingi jibu lao ni moja. Bati lile lilikuwa na mwanga sawasawa na majani. Kilicholitenga kilikuwa rangi, na rangi ndiyo tuliyoitupa. Tulilijua jambo hili sisi wapiga picha wa zamani, na dawa yake tulikuwa nayo.

"Zamani tulivisha lenzi kioo chekundu," nikamwambia. "Majani yalitoka meusi, mbingu nyeusi, na chochote chekundu kilitoka cheupe. Tena kilikata utusi wa mbali. Hapa hakuna kioo chekundu?"

Akajifuta uso kwa kiganja. "Kioo hakuna, Maalim. Lakini picha humu imechanganywa kwa rangi tatu. Nyekundu, kijani na buluu. Nafikiri naweza kuzitenga, tuone kila moja peke yake. Sijawahi kufanya."

"Fanya."

Stima ikapotea. Tulikaa katika joto, rafiki yangu bado mlangoni. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Niliswali kwenye pembe ya chumba kile, na nilipotoa salamu, ile mashine ilikuwa inavuma tena.

Alianza upya. Kwanza akafungua ile ya buluu peke yake: kilele chote kilikuwa cheupe kwa utusi, na chini kote giza. Kisha ya kijani. Majani yakang'aa, na katikati yake bati likawa doa jeusi la pembe nne. Nilitamani rafiki yangu asigeuke wakati ule, lakini alikuwa ameshageuka. Alilitazama lile shimo, akatazama chini.

"Ya mwisho," nikasema.

Ya nyekundu ilipofunguka, mwalimu akasema "Haa!" kama mtoto. Mlima ulikuwa mweusi. Bati lilikuwa jeupe pee, lina kingo, lina mwinamo wake, unaweza kuliona hata ukiwa mlangoni. Na ule utusi wa buluu ulikuwa umefunguka kama shela. Nyuma yake, kileleni, palikuwa na jabali ambalo katika picha ya rangi halikuonekana isipokuwa kwa kulitafuta, jabali kubwa lililopasuka katikati.

Nilimgeukia rafiki yangu nikitaraji nimwone ametulia. Alikuwa amekuja karibu sana, pumzi yake ikikifanya kioo kiwe na mvuke. Aliweka kidole kwenye ule ufa wa jabali, akakishusha moja kwa moja chini. Kidole kikafika kwenye bati.

"Maalim," akasema, "jabali hili liko juu ya nyumba."

"Ndiyo. Si ndivyo lilivyokuwa?"

"Ndivyo. Ukitoka jikoni asubuhi ukainua macho, ndilo unaloliona. Watoto walisema mlima umeng'oka jino." Akahamisha kidole. Kando ya paa palikuwa na kijistari cheusi, mkaratusi. "Na mti huu hapa. Mkono wa kulia."

"Hapo mlipochimba, jabali lilikuwa upande gani?"

"Hatukuliona. Wingu halikuinuka hata siku moja." Alifikiri. "Siku niliyoshuka kuja kwako lilifunguka kidogo. Nikageuka nyuma pale barabarani. Niliona jabali kule, na mti kule chini kabisa, kushoto. Nikajiambia, ni machozi. Mtu aliyelia sana haoni sawa."

Hakuna aliyetaka kulitamka. Aliyelitamka ni mwalimu, maana hakuwajua watu wale na hakuwa na wa kumwogopa.

"Baba, mti ulitembea."

Ulikuwa umetembea. Udongo wa ubavuni mwa nyumba ulikuwa mzito na wenye kina, ukateleza mzima mzima na mti ukiwa juu yake umesimama wima, kama mtu aliyebebwa na umati. Nyumba yenyewe ilijengwa juu ya mwamba, chini ya jabali, nayo ilifunikwa palepale ilipokuwa. Walichimba kwa uaminifu wote mahali ambapo haikuwahi kuwapo nyumba.

Alfajiri tulipanda Werugha, mimi na yeye, na karatasi ile ndani ya bahasha chini ya koti langu. Mwalimu alikuwa ametoa nakala kubwa. Kwa chifu tulikuta pia mchungaji na baba mdogo, wakipanga ibada. Rafiki yangu akaeleza. Chifu akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Kompyuta ya Voi itujulishe mlima wetu?" akauliza.

"Kamera iliyopiga ni yangu, na mahali niliposimama napajua," nikamwambia. "Kompyuta imeondoa utusi tu."

Baba mdogo hakuitazama karatasi. "Mti ule niliupanda kwa mkono huu," akasema. "Mwaka aliozaliwa huyu. Leo Mswahili kaja kuniambia haupo pale?"

"Upo, baba," rafiki yangu akamjibu taratibu. "Mti upo. Mahali pake ndipo pamehama."

Nilimwona mzee akikaza mikono juu ya bakora yake, na nikajua ameelewa kabla yetu sote maneno yale yanambebesha nini.

Chifu alitoa sharti: kama jabali litaonekana, na likaonekana vilevile kama kwenye karatasi, watachimba watu wachache, wamefungwa kamba, na mmoja akae juu kuangalia ufa. Wingu likija, basi. Ibada isingeahirishwa.

Nikavuka bonde, nikasimama nilipokuwa nimesimama siku ile. Ng'ambo, rafiki yangu alisimama kwenye tope ameshika fito yenye kitambaa cheupe. Baba mdogo alisimama kando ya mkaratusi wake, chini sana. Na mlima wote juu yao haukuwapo. Kulikuwa na wingu tu.

Tukangoja. Nilisoma nilivyojua kusoma. Upande wa pili nilisikia mchungaji naye akiomba, na akina mama wakimwitikia. Sikuona kosa lolote katika kuomba jambo moja kwa lugha mbili. Baridi iliingia miguuni. Nimefundisha subira maisha yangu yote, nimeieleza kwa watoto kwa mifano, lakini siku ile ndipo nilipoiona ina uzito kama gunia, unaibadilisha bega na bado ni ileile.

Baada ya adhuhuri upepo ukaja kutoka upande wa tambarare. Wingu likachanika, na ule ufa wa jabali ukatokea, mweusi, mahali pake. Nikainua karatasi mkono mmoja, na mkono mwingine nikavua kofia, nikaanza kumwelekeza nayo, kwa sababu upepo uliimeza sauti. Juu. Kulia. Juu tena. Alipanda akizama mpaka magotini. Alipofika chini ya ufa, mahali ambapo katika karatasi palikuwa na weupe wa bati, niliishusha kofia. Akasimika fito.

Kati ya fito ile na mkaratusi kulikuwa na umbali wa uwanja wa shule.

Walichimba. Sururu ilipolia juu ya bati niliisikia mpaka ng'ambo ya pili. Nilipofika walikuwa wamelifuta kwa viganja, nalo lilikuwa jekundu, rangi haijatoka hata kidogo.

Sitaeleza waliyotoa. Nitasema tu kwamba walikuwa wote watatu mahali pamoja, na kwamba akina mama wa kanisa waliwaosha na kuwavisha kwa heshima ambayo sijaiona ikizidiwa popote, hata kwetu. Katika mafundisho yetu aliyekufa kwa kufunikwa huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, watu wa peponi. Nilimwambia rafiki yangu hivyo. Alisema, "Sisi hatuna neno hilo, Maalim, lakini nitalipokea."

Siku ya ibada kulikuwa na majeneza, moja kubwa na mawili madogo, na makaburi mahali pakavu karibu na kanisa. Vijitabu viligawiwa. Mbele palikuwa na mlima mweusi na paa jeupe. Niliwaona watu wakiweka kidole juu yake, wakiwaonyesha wengine.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, watu walianza kutawanyika. Baba mdogo alibaki. Alikuwa hajasema na mtu tangu sururu ilipolia. Alimwendea rafiki yangu, akasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "kama ningewaambia wachimbe kule juu..."

Mimi nilikuwa hapo karibu, na swali hilo nilikuwa nimelala nalo pia. Wanaochimbuliwa mapema, wengine hutoka wazima.

"Baba," rafiki yangu akasema, "niliingia mimi mwenyewe. Sikuwaachia wengine kuwatoa. Walikuwa kitandani."

Mzee hakusogea.

"Kitandani, baba. Mama yao katikati. Blanketi lilikuwa limewafika shingoni, hakuna aliyelivuta. Hakuna aliyeamka kungoja jembe."

Sikujua kama ni kweli. Mpaka leo sijui, na sijamuuliza, wala wale wengine walioshika kamba siku ile hawajawahi kunieleza. Mzee aliyashika maneno yale, akayageuza kwanza kama mtu anayepima, kisha akakaa chini palepale kwenye udongo mbichi, bakora imelala kando yake, akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mlima uliposhuka. Rafiki yangu akakaa upande mmoja, mimi nikakaa upande wa pili, tukamngoja.